Nakala za Logi Zinapozidi Kuchelewa: Vyanzo na Utatuzi

Logi ya miamala ni faili ambamo mfumo wa hifadhidata huandika kila badiliko kabla badiliko lenyewe halijaingia katika faili kuu za data. Stima ikikatika mfumo ukiwa kazini, logi ndiyo inayosomwa mara seva inapowaka tena: muamala uliokamilika hurudiwa, na ulioachwa katikati hutenguliwa. Msingi huu ulielezwa kwa ukamilifu mwaka 1992 na C. Mohan na wenzake wa IBM kwa jina la ARIES, na SQL Server ya Microsoft ni mmoja wa mifumo inayoufuata.

Logi peke yake haitoshi, kwa kuwa diski ikifa hufa nayo. Ndiyo maana hutolewa nakala rudufu, ambayo mafundi wengi huiita bakapu ya logi, kila baada ya muda mfupi uliopangwa. Dakika 15 ni kipimo cha kawaida. Kila nakala hubeba tu kile kilichoandikwa tangu nakala iliyotangulia. Nakala kamili ya usiku ikiunganishwa na mfululizo huu wa nakala ndogo, data inaweza kurudishwa hadi dakika inayotakiwa.

Pwani ya kusini ya Kenya inategemea sana mpango huu. Hoteli za Diani huweka katika hifadhidata moja wageni wa mapokezi, bili za mkahawa, malipo ya M-Pesa na mali iliyoko ghalani. Vituo vya afya hutunza rekodi za wagonjwa kwa mifumo kama KenyaEMR, iliyojengwa juu ya OpenMRS, ambayo kwa upande wake hutumia MySQL. Maduka ya jumla ya Ukunda, shule na vyama vya akiba vina mifumo yao. Mara nyingi seva ni moja, iko katika chumba kidogo nyuma ya ofisi, na fundi wake ana kazi nyingine tele.

Dalili na hatari yake

Katika miezi ya kwanza nakala ya logi humalizika kwa sekunde chache. Baada ya nusu mwaka huchukua dakika moja, na baada ya mwaka dakika sita au saba. Hakuna ujumbe wa hitilafu, na ripoti ya kila asubuhi huonyesha kuwa kazi zote zimefaulu. Kwa sababu hiyo tatizo hudumu muda mrefu bila kushughulikiwa.

Hatari yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mratibu wa kazi wa SQL Server haanzishi kazi ambayo bado inaendelea. Nakala iliyopangwa kila dakika 15 ikichukua dakika 20, zamu inayofuata hurukwa, na pengo kati ya nakala mbili huwa nusu saa. Hoteli inayoamini kwamba haiwezi kupoteza zaidi ya robo saa ya bili tayari imeweka mara mbili ya hizo hatarini, na hakuna aliyeamua iwe hivyo. Katika kituo cha afya pengo hilo ni vipimo na dawa za wagonjwa halisi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika data za watu azingatie uwezo wa kurejesha upatikanaji wake kwa wakati baada ya tukio. Nakala zinazochelewa hudhoofisha uwezo huo.

Kuchelewa kwa polepole kwenyewe ni ushahidi. Kifaa kinachoharibika ghafla huonyesha mshuko wa siku moja. Kuchelewa kunakozidi wiki hadi wiki huelekeza kwenye kitu kinacholimbikizwa: kazi yenyewe, nakala zilizokwisha kutolewa, historia yake, au vipande vya logi. Uchunguzi mzima ni wa kutafuta kipi kinaongezeka bila kupunguzwa.

Kugawa kazi na kuipima

Utoaji wa nakala una sehemu tatu. Kwanza logi husomwa kutoka diski yake. Pili, kilichosomwa huandikwa mahali pa kuhifadhia. Tatu, tukio huorodheshwa katika historia, na mara nyingi kazi hiyohiyo hufuta nakala za zamani au kuzipeleka kwingine. Anayetazama muda wa jumla pekee hawezi kujua ni sehemu gani imelemaa.

SQL Server hurekodi kila nakala katika jedwali la backupset, lililomo ndani ya hifadhidata ya msdb: muda wa kuanza, muda wa kumaliza, ukubwa wa nakala, na ukubwa wake baada ya kubanwa. Takwimu za miezi kadhaa zikipangwa kwa tarehe, hali hujitenga kwa njia tatu. Ukubwa ukipanda pamoja na muda, huku megabaiti kwa sekunde zikibaki zilezile, kazi ndiyo iliyoongezeka. Ukubwa ukisimama na muda ukapanda, njia ya kusoma au kuandika ndiyo inayozorota. Muda wa nakala ukiwa mfupi lakini kazi yote katika ratiba ikawa ndefu, ucheleweshaji uko nje ya nakala yenyewe, yaani kwenye historia, ufutaji au usafirishaji.

Kusoma na kuandika hutenganishwa kwa jaribio moja: kutoa nakala ya logi kwenda NUL, mahali ambapo kila kinachoandikwa hutupwa. Ikiwa ni ya haraka, usomaji ni mzima na kasoro iko upande wa kuandikia. Jaribio hili lazima litumie chaguo la COPY_ONLY. Bila chaguo hilo mfumo huhesabu kwamba logi imeshanakiliwa, mnyororo hukatika, na kila nakala inayofuata haiwezi kurejeshwa mpaka nakala kamili nyingine itolewe.

Msimu na masika

Diani ina kipimo ambacho miji mingi haina. Hoteli hujaa kuanzia Julai, kisha Desemba na Januari wakati wa kaskazi, na tena Pasaka. Masika yakishika, Aprili hadi Juni, vyumba hubaki vitupu na baadhi ya hoteli hufunga kwa ukarabati. Miamala hupungua kwa wiki nyingi mfululizo, na kwa fundi huo ni mtihani uliojiandaa wenyewe.

Nakala zilizochelewa Desemba zikirudi kuwa nyepesi Mei, chanzo ni wingi wa kazi, na suluhisho ni kutoa nakala mara nyingi zaidi ili kila moja iwe ndogo, au kupunguza kinachoandikwa kwenye logi. Zikiendelea kuwa nzito Mei, hoteli ikiwa karibu tupu, wingi wa wageni hauwezi kulaumiwa tena. Kuna kitu kinacholimbikizwa ambacho hakijui msimu. Kulinganisha Desemba na Januari peke yake hakutoi jibu hili, na ndiyo maana takwimu za mwaka mzima zinafaa kuhifadhiwa.

Kituo cha afya hakina masika ya aina hiyo. Kwake mtihani wa karibu ni saa tisa usiku, wakati zahanati imefungwa na hakuna anayeingiza data. Nakala ya saa hiyo inapaswa kuwa karibu tupu. Ikiwa bado inachukua dakika tano, ukubwa wa kazi umekwisha kuondolewa katika orodha ya washukiwa.

Kazi inapoongezeka kwelikweli, chanzo cha kwanza cha kuangalia si wageni bali matengenezo. Kujenga upya faharasa zote kila usiku huandika kwenye logi kiasi kinachokaribia ukubwa wa faharasa hizo, na hukua pamoja na data. Mara nyingi inatosha kushughulikia zile tu zilizovurugika. Kuna pia dhana potofu ya kuondoa hapa: muamala ulioachwa wazi kwa siku mbili huzuia logi kupunguzwa na hujaza diski, lakini haufanyi kila nakala irudie logi yote. Nakala huanza pale iliyotangulia ilipoishia. Kinachozuia logi kupunguzwa huonekana katika safu ya log_reuse_wait_desc, na huo ni uchunguzi mwingine.

Faili moja inayopokea kila kitu

Chanzo kinachopatikana sana kwenye seva ndogo ni mpango wa kuandika nakala zote katika faili moja. Aliyeuweka aliandika jina la faili mara moja, na SQL Server, isipoambiwa vinginevyo, huongeza nakala mpya mwishoni mwa zilizomo. Kwa wiki chache hakuna tofauti. Nakala ya kila dakika 15 ni nakala 96 kwa siku, na 35,040 kwa mwaka, zote ndani ya faili ileile.

Muundo wa faili hizi umerithiwa kutoka enzi ya kanda za sumaku. Ili kuongeza seti mpya, mfumo hulazimika kupita juu ya seti zilizotangulia mpaka ufike mwisho. Kadiri zinavyozidi, safari hiyo hurefuka, hata kama kinachoandikwa ni kilobaiti chache. Hivi ndivyo nakala ya hoteli tupu mwezi Mei inavyoweza kuchukua dakika nyingi. Kwenye diski ya mtandaoni hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa kila hatua ya safari ni ombi linalokwenda na kurudi.

Mpango huu una madhara mengine mawili. Nakala za zamani haziwezi kufutwa moja moja, kwa hiyo faili hukua mpaka ijaze diski. Na faili hiyo ikiharibika, mnyororo wote hupotea kwa pamoja. Tiba ni nyepesi: kila nakala iwe na faili yake, yenye jina la hifadhidata, tarehe na saa. Kabla ya kuhama, itolewe nakala kamili mpya, na faili kubwa ya zamani ihifadhiwe mpaka kipindi chake cha kisheria au cha ofisi kipite.

Historia isiyofutwa na folda iliyofurika

Seva yenye hifadhidata 20, kila moja ikitolewa nakala kila dakika 15, huongeza matukio 700,800 kwa mwaka katika historia ya msdb, na kila tukio huandikwa katika majedwali kadhaa. SQL Server haifuti historia hii yenyewe. Kuongeza mstari mmoja ni kazi nyepesi hata jedwali likiwa kubwa. Kinacholemea ni kuuliza. Programu za usimamizi, zana za ufuatiliaji na hati za ratiba huuliza historia kila zamu, kwa mfano kutafuta nakala kamili ya mwisho. Zikipitia mamia ya maelfu ya mistari kila robo saa, kazi yote hurefuka.

Utaratibu wa sp_delete_backuphistory hufuta historia iliyopita tarehe fulani. Kwenye msdb iliyoachwa kwa miaka, kuufuta mrundikano wote kwa agizo moja huweza kuchukua saa nyingi na kuzuia nakala mpya kuorodheshwa. Inafaa kwenda hatua kwa hatua, mwezi mmoja baada ya mwingine kuanzia wa zamani zaidi, kisha kuweka ratiba ya kila wiki. Kubakiza miezi 13 hutunza ulinganisho wa msimu na msimu uliotangulia.

Folda ina hadithi inayofanana. Hifadhidata 20 kwa siku 30 hutoa faili 57,600. Zana ya kufuta ya mipango ya matengenezo husoma kichwa cha kila faili kabla ya kuamua, na programu ya kuzuia virusi huweza kukagua kila faili mpya. Kila hifadhidata ipewe folda yake, muda wa kutunza upunguzwe ufikie unaohitajika, na folda za nakala ziondolewe katika ukaguzi wa papo kwa papo wa virusi.

Vipande vya ndani ya logi

Faili ya logi hugawanywa ndani yake katika vipande vinavyojulikana kama VLF. Idadi yake hutegemea jinsi logi ilivyokua. Katika matoleo yaliyotangulia SQL Server 2014, kila ongezeko lisilozidi megabaiti 64 lilizaa vipande vinne. Logi iliyokuwa ikiongezeka kwa megabaiti 10 mpaka ikafikia gigabaiti 20 ilipitia maongezeko 2,048, na kubaki na vipande 8,192. Toleo la 2014 lilipunguza uzazi huo, na toleo la 2016 likaweka ongezeko la kawaida la megabaiti 64, lakini hifadhidata iliyohamishwa kutoka seva ya zamani huja na vipande vyake vyote.

Vipande vingi hulemea kila kazi inayopitia logi: kutoa nakala, kurejesha, na zaidi ya yote kuwasha hifadhidata baada ya kuzimika. Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023 Kenya ilikosa umeme karibu nchi nzima kwa saa nyingi. Kwa seva isiyo na betri ya akiba wala genereta, tukio la namna hiyo ni kuzimika ghafla, na hifadhidata yenye maelfu ya vipande huchelewa kufunguka stima inaporudi, wakati wafanyakazi wa mapokezi wanasubiri.

Hesabu ya vipande hupatikana kwa sys.dm_db_log_info katika matoleo mapya, au DBCC LOGINFO katika ya zamani. Ikiwa ni maelfu, logi hupunguzwa mara moja tu, baada ya nakala ya logi na katika saa tulivu, kisha hukuzwa kwa hatua kubwa hadi ukubwa inaouhitaji msimu wa wageni. Kuipunguza kila usiku ni kosa: asubuhi itakua upya, na katika matoleo yaliyotangulia 2022 kila ongezeko la logi husimamisha uandishi mpaka nafasi mpya ijazwe sifuri.

Diski, nyaya na njia ya mtandao

Upande wa kuandikia huzorota kwa sababu za kimwili, na pwani ina zake. Hewa yenye chumvi hula miguso ya shaba ya viunganishi vya mtandao, hasa katika majengo yaliyo karibu na ufuo. Kiungo cha gigabiti moja kwa sekunde kinaweza kuanza kwa makosa machache, kisha kushuka chenyewe hadi megabiti 100, yaani megabaiti 12.5 kwa sekunde kwa kiwango cha juu kabisa. Swichi huonyesha kasi ya kila tundu na idadi ya makosa. Dakika chache za kuzisoma huokoa wiki ya kubahatisha. Chumvi na vumbi huziba pia feni, na joto likizidi vifaa hupunguza kasi ili kujilinda.

Diski nazo zina tabia zake. Diski ya sahani inayokaribia kujaa huandika kwenye njia za ndani, ambako kasi ni ndogo kuliko za nje. Kidhibiti cha RAID ambacho betri yake imekufa huacha kutumia kumbukumbu yake ya haraka, na uandishi hushuka siku hiyohiyo. Kosa kubwa zaidi ni la mpangilio: data, logi na nakala kukaa kwenye diski moja. Hapo kila nakala hushindana na kazi yenyewe, na diski ikifa hakuna kinachobaki.

Kuandika moja kwa moja kwenye seva ya mbali kupitia intaneti hakufai kwa logi. Gigabaiti 2 juu ya kiungo cha megabiti 10 kwa sekunde huchukua takriban dakika 27, hata kiungo kikiwa hakina mtumiaji mwingine. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika karibu na Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikadorora kwa siku kadhaa. Nakala iandikwe kwanza kwenye diski ya pili iliyo karibu, ikiwa imebanwa, kisha kazi nyingine iipeleke mbali. Njia ya nje ikidorora, usafirishaji utachelewa, lakini mnyororo wa nakala hautapata pengo.

PostgreSQL na MySQL

Kanuni ni ileile, majina tofauti. PostgreSQL, inayotumiwa na DHIS2, mfumo ambao Kenya iliuweka mtandaoni kitaifa mwaka 2011 kwa takwimu za afya, huandika logi yake katika faili za megabaiti 16. Agizo la archive_command huitwa mara moja kwa kila faili, moja baada ya nyingine. Mahali pa kupelekea pakiwa pazito, faili zinazosubiri hujazana, na katika matoleo yaliyotangulia 15 kutafuta inayofuata kulilazimu folda yote isomwe upya kila mara, hivyo mrundikano ulizaa mrundikano. Mwonekano wa pg_stat_archiver huonyesha faili ya mwisho iliyopelekwa na idadi ya zilizoshindwa. Mrundikano ukipuuzwa mpaka diski ya logi ijae, hifadhidata husimama.

Kwa MySQL, logi husika huitwa binlogi. Katika toleo la 5.7 hazifutwi zisipopangiwa muda. Toleo la 8.0 huzitunza siku 30. Vituo vinavyotegemea mysqldump viko katika hali tofauti: agizo hilo hunakili hifadhidata nzima kila mara, kwa hiyo muda wake lazima upande kadiri rekodi zinavyoongezeka. Huko kuchelewa si ugonjwa bali ni matokeo ya njia iliyochaguliwa, na tiba ni kupunguza idadi ya nakala nzima na kuziba nafasi kati yake kwa nakala za binlogi.

Utaratibu wa kazi

Uchunguzi unaofuata mpango huanza na takwimu za backupset kabla ya kugusa mpangilio wowote. Ukubwa, muda na kasi vikishajulikana, sehemu iliyolemaa hubainika, na jaribio la NUL huithibitisha. Kisha hukaguliwa kwa mfuatano huu: kama nakala zote zinaingia faili moja, ukubwa wa historia na folda, idadi ya vipande vya logi, kasi na makosa ya tundu la mtandao, nafasi iliyobaki kwenye diski, na mwisho matengenezo ya usiku. Vitatu vya kwanza hugharimu muda tu, na vyafaa kumalizwa kabla ya ombi la kununua seva mpya kupelekwa kwa mkurugenzi. Badiliko lifanywe moja kwa wakati, na lipewe siku kadhaa za kupimwa, la sivyo haitajulikana lililoponya.

Baada ya hapo tahadhari huwekwa kwenye muda na si kwenye kushindwa pekee: nakala ikivuka nusu ya nafasi iliyopangwa, fundi apate ujumbe. Kwa ratiba ya dakika 15, kikomo ni dakika saba na nusu. Na kila robo mwaka data irejeshwe kwenye mashine nyingine, kuanzia nakala kamili hadi nakala ya logi ya mwisho. Kwa hoteli inayotoa nakala kamili kila usiku, mnyororo hauzidi nakala 96. Inayotoa kila wiki hulazimika kurejesha hadi 672, na muda huo ujulikane kabla ya siku ya dharura. Masika ndiyo nafasi nzuri ya zoezi hili katika Diani: wageni ni wachache, seva ina nafasi, na kasoro yoyote itakayogunduliwa ina wiki kadhaa za kurekebishwa kabla ya Julai.